Kupiga Picha za Miombo Mwaka Mzima

Watu wengi wakisikia habari za picha za porini hufikiri mara moja juu ya Serengeti, simba, na wageni wenye kamera ndefu. Hayo yapo, na picha zao ni nzuri. Lakini mtu akaaye hapa Tabora hana haja ya kusafiri mbali ili apate kitu cha kupiga picha. Nyuma ya mabweni yetu kuna njia ipitayo katika miombo mpaka kwenye mbuga ya mpunga, nayo ni mwendo wa nusu saa tu kwa miguu. Nataka kueleza jinsi sisi wa chama cha picha tunavyofanya kazi katika njia hiyo, na kwa nini twairudia ile ile mwezi hata mwezi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, mwezi wa Agosti, wanafunzi kadhaa tulipewa kazi ya kuhesabu miti iliyokufa kandokando ya shule, ili ikatwe iwe kuni za jikoni. Mimi ni mtu wa pwani, nimezoea mnazi na mwembe, miti isiyokosa majani mwaka mzima. Nilipofika kwenye mti mmoja mkubwa karibu na uwanja wa mpira, niliuona hauna hata jani moja. Sikuukwangua gome wala sikumwuliza mtu. Niliutia alama ya chokaa, nikaandika katika orodha: "Umekufa."

Orodha ilipofika kwa mwalimu wetu wa Biolojia, hakunigombeza. Alifungua kabati, akatoa albamu ya chama cha picha, akanionyesha picha mbili za mwaka uliotangulia. Ya kwanza ilipigwa mwezi wa Agosti: mti ulikuwa ule ule, tena mtupu vile vile. Ya pili ilipigwa mwisho wa Oktoba: mti ulikuwa umejaa maua ya manjano, na majani machanga yameanza kuchipua. Kumbe ulikuwa mninga, na ulikuwa umelala tu. Mninga huangusha majani yake wakati wa kiangazi ili usipoteze maji, na kwa miezi kadhaa asiyeujua hudhani umekwisha. Mti wa namna hiyo huchukua miaka mingi sana hata unenepe vile, na shoka lingeumaliza kwa asubuhi moja. Nilichukua ndoo ya maji nikaenda kuifuta ile chokaa, na jioni ile ile nikaomba kuingia katika chama.

Hilo basi ndilo jambo kubwa ninalotaka msomaji alishike: picha moja ni shahidi wa siku moja tu. Anayetaka kuujua mti, au ndege, au hata kipande cha mbuga, hana budi kurudi pale pale katika kila majira.

Kazi yenyewe ni rahisi. Tumechagua vituo vitano njiani, na kila kituo kina jiwe lake. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa moja na nusu asubuhi, mpiga picha husimama juu ya jiwe na kuelekeza kamera upande ule ule wa mwezi uliopita. Mwenzake huandika katika daftari tarehe, saa, hali ya mawingu, na yote yaliyoonekana. Bila tarehe, picha ni pambo la ukutani tu. Kamera yetu ni moja, ndogo, ya kidijitali, nayo hukaa kabatini kwa mwalimu, kwa kuwa wanafunzi haturuhusiwi kuwa na simu shuleni.

Sasa tutazame mwaka unavyokwenda. Hapa kwetu mvua huanza Novemba na kwisha Aprili, na miezi mingine yote ni kiangazi.

Wakati wa masika, tuseme Februari, nyasi humpita mtu kimo, na mbuga hugeuka ziwa dogo lenye vyura wengi. Wanaoanza kupiga picha huyachukia mawingu, lakini mawingu ni rafiki, kwani hulainisha mwanga na kuacha rangi ya kijani ionekane ilivyo. Huu ndio wakati wa uyoga utokao kwenye vichuguu. Uyoga ukipigwa picha na mtu aliyesimama huonekana kama kifungo kilichoanguka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nasi hulala kifudifudi, sare zikachafuka.

Mwezi wa Mei nyasi huwa za rangi ya dhahabu, na matunda ya mninga huonekana wazi mtini. Kila tunda ni la mviringo, katikati lina miiba, na pembeni limezungukwa na ubawa mwembamba kama karatasi, ili upepo ulichukue mbali. Mwezi wa Julai asubuhi huwa za baridi, na umande hukaa juu ya utando wa buibui. Ukipiga picha ukielekea upande wa jua, utando hung'aa kama nyuzi za fedha. Njiani utaiona pia mizinga ya magome na ya magogo iliyotundikwa juu ya miti, maana asali ya Tabora hutoka katika miombo hii hii.

Agosti na Septemba ni miezi ya vumbi na moshi. Jua huwa jekundu na anga huwa kijivu. Wengi huacha kupiga picha wakisema hakuna kitu. Lakini moto wa nyasi ukipita, milamba na mwewe huufuata, wakiwadaka panzi na wadudu wengine wanaokimbia. Sisi huwatazama tukiwa mbali, tena upande upepo utokako.

Halafu huja ajabu ya mwaka mzima. Mwisho wa Septemba na mwezi wa Oktoba, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka, mitundu na miyombo huchipua majani mapya, nayo si ya kijani bali ni mekundu na ya rangi ya shaba. Maji ya kuchipulia hutoka katika akiba iliyomo shinani na ardhini chini sana, ambako mizizi hufika. Rangi nyekundu hutokana na kitu kiitwacho anthosianini, nacho hulikinga jani changa na jua kali mpaka litakapokomaa. Baada ya wiki chache majani yote hugeuka kijani. Asiyekuwa na picha ya Oktoba hataweza kumsadikisha mgeni.

Novemba mvua za kwanza huwatoa kumbikumbi ardhini, na ndege hukusanyika kula. Miongoni mwao wamo wageni waliokimbia baridi ya Ulaya, kama keremkerem na mbayuwayu. Hapo duara la mwaka hufunga, na mbuga huanza kujaa maji tena.

Pengine msomaji atauliza juu ya kamera yenyewe. Mambo ya kukumbuka ni mawili: ukubwa wa tundu liingizalo mwanga, na muda ambao mwanga huachwa uingie. Ndege arukaye huhitaji muda mfupi sana, kama sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, la sivyo mabawa yake yatakuwa ukungu mtupu. Ua lililotulia laweza kupigwa kwa sehemu moja ya 125. Mwanga ukipungua, muda huongezeka na mkono hutikisika. Hapo tunaiweka kamera juu ya mfuko mdogo wa mchanga, ambao hautugharimu hata senti moja.

Jambo la tatu ni saa. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini ya Ikweta, na kwa hiyo mapema Machi na tena mapema Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Wakati huo vivuli huanguka chini ya kila kitu, na picha huwa na weupe mkali juu na weusi chini. Afadhali mpiga picha amalize kabla ya saa tatu asubuhi, au angoje saa kumi jioni.

Tukilalamika kwamba kamera yetu ni ndogo, mwalimu hutukumbusha habari za Mjerumani Carl Georg Schillings. Nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani, yeye alipiga picha za wanyama usiku, naye alitumia sahani za kioo badala ya filamu, na unga wa kulipuka badala ya taa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Vyombo hivyo vizito vilibebwa na wapagazi. Sisi kamera yetu huingia mfukoni, basi tusiwe wavivu.

Adabu nayo ni sehemu ya kazi. Hatusogezi matawi ili kiota kionekane vizuri, kwa kuwa kiota kikiwa wazi kwetu huwa wazi kwa mwewe pia. Hatukaribii mizinga. Tukifika shamba la mtu, twamwamkia mwenyewe kwanza na kumwomba ruhusa. Mara nyingi hutulipa kwa maarifa. Mzee mmoja wa mbugani, nilipomsimulia kisa cha chokaa, alicheka mpaka machozi, kisha akasema, "Mwanangu, mninga ukilala, usiuzike." Tangu hapo, kabla ya kuandika jina la mti katika daftari, namwuliza yeye.

Namaliza kwa ombi. Albamu yetu ina ukurasa mmoja kwa kila mwezi, lakini ukurasa wa Desemba umekuwa mtupu kila mwaka, kwa sababu wakati huo sisi wote tuko makwetu kwa likizo. Waalimu na wazazi mkaao karibu na shule, wengi wenu mna simu zenye kamera. Tafadhalini, siku moja ya Desemba, asubuhi, simameni juu ya jiwe lililo kando ya uwanja wa mpira, mwupige picha mninga, mwandike tarehe, na picha mmpatie mwalimu wetu wa Biolojia. Mimi nitakuwa nimekwisha fanya mtihani na kuondoka, lakini ukurasa ule ukijazwa nitafurahi popote nitakapokuwa. Jiwe halitawapotea: nimelipaka chokaa mimi mwenyewe, na safari hii nimeipaka mahali pake.