Kigae Kilicholegea Kando ya Hodhi: Anza na Mshono

Vigae vya safu ya chini, vile vinavyokutana na hodhi la kuogea, ndivyo huwa vya kwanza kulegea. Huitwa fundi, akabandika upya kwa saruji, akapaka saruji nyeupe pembeni, akalipwa. Haipiti miezi mingi kigae kinacheza tena. Tatizo halikuwa kigae. Lilikuwa mshono kati ya ukuta na hodhi.

Mshono huo haukai tuli. Hodhi la kawaida likijaa hubeba lita 150 au zaidi, nazo ni kilo 150 kabla mtu hajaingia. Kwa uzito huo hodhi la akriliki hushuka kidogo, na likimwagwa maji hupanda. Ukuta uko palepale. Saruji nyeupe ni ngumu, hainyumbuki, kwa hiyo hupasuka ufa mwembamba ambao huenda usiuone, lakini maji ya shawa huupata. Na kigae cha kauri, hata kiking'aa usoni, mgongo wake hunywa maji.

Gonga vigae kwa kifundo cha kidole, kimoja baada ya kingine. Kilichoshika vizuri hutoa mlio mzito. Kilichoachia hulia kama debe tupu. Mara nyingi utagundua kwamba hata vile vinavyoonekana imara vimeachia nusu, kwa sababu viliwekewa matonge ya saruji kwenye pembe na katikati tu. Viwango vya Marekani hutaka gundi ishike angalau asilimia 95 ya mgongo wa kigae mahali penye maji, na asilimia 80 mahali pakavu. Matonge hayafiki huko, na mianya yake hugeuka visima.

Kwangua grauti, yaani kijazio cha mianya kati ya vigae, kuzunguka kigae kilichoachia kwanza, kisha ukitoe polepole kwa patasi nyembamba. Ukianza na nyundo utavunja jirani zake, na vigae vya muundo ule huenda havipo tena dukani. Bandua saruji ya zamani mgongoni na ukutani. Plasta inayomomonyoka itolewe mpaka kwenye tofali na ipigwe upya. Kisha acha ukuta ukauke, na hapa ndipo haraka huharibu kazi: mahali penye joto la unyevu kama Mombasa au Tanga, hilo huchukua siku kadhaa hata feni ikiwashwa. Tumia gundi ya vigae ya unga inayochanganywa na maji, ile inayofaa sehemu za maji. Paka ukutani kwa mwiko wa meno, paka na mgongo wa kigae, kandamiza. Acha siku nzima kabla ya kujaza grauti.

Mshono wa hodhi haujazwi grauti kamwe, hujazwa silikoni. Kata ile ya zamani kwa kisu, uitoe yote, kwa maana silikoni mpya haishiki juu ya kuukuu. Ukungu mweusi ulioingia ndani yake hauondoki kwa dawa ya kufulia, hata ukisugua mpaka jioni. Futa kwa spiriti, acha pakauke.

Sasa jaza hodhi maji. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kazi. Hodhi likiwa limeshuka, mshono huwa wazi kadiri unavyoweza kuwa. Silikoni ikiwekwa hapo, maji yakitoka hubanwa tu, haivutwi ikaachia. Bandika utepe wa karatasi juu na chini, minya silikoni ya bafuni yenye dawa ya ukungu kwa mstari mmoja usiokatika, lainisha kwa kidole chenye maji ya sabuni, kisha bandua utepe kabla haijaanza kuganda. Ile inayonuka siki isitumike kwenye marumaru ya mawe, maana asidi yake huyala. Hapo nunua isiyo na asidi.

Silikoni hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kuingia ndani, hivyo ngozi yake ya juu hudanganya. Yaache maji hodhini kwa saa 24, na mtu asioge humo. Fundi akija na saruji nyeupe kuziba mshono huo, mwambie aibakize kwa vigae vya ukutani.