Je, Wajua? Kichanga hatetemeki kwa baridi

Baridi ya Juni ikikubana Mbeya au Iringa, misuli yako hutetemeka na kuzalisha joto. Kichanga hana uwezo huo. Huunguza mafuta ya rangi ya kahawia yaliyo shingoni, kati ya mabega na kuzunguka figo. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, hana ya kutosha. Kwa kuwa kichanga hupoa upesi, Shirika la Afya Duniani linashauri kichanga yeyote asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5, tayari amepoa.

Tiba ni kifua cha mama. Muuguzi humwacha mtoto na kofia, soksi na nepi tu, kisha humfunga hapo ngozi kwa ngozi. Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Yuko atakayesema ni huduma ya wasio na mashine. Sivyo. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2021, ulifuatilia watoto wasiofikia kilo 1.8. Vifo vya waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa vilikuwa pungufu kwa robo kuliko vya waliotunzwa kwanza kwenye mashine za joto. Na mama akichoka? Baba au bibi mwenye afya humpokea.