Ana mimba, mwanaume kakimbia: Kanisa limsaidieje?

Dar es Salaam. Tumbo likianza kuonekana, mengi hubadilika kwa binti ambaye hajaolewa. Anasimamishwa kwaya, waumini wananong'ona, na kama anafanya kazi za ndani huenda bosi akamwambia afungashe. Aliyempa mimba, ambaye hana tumbo la kumuumbua, anaendelea kukaa benchi lake kila Jumapili kama kawaida.

Wapo ambao hapo ndipo huacha kwenda kanisani, wakati ambao wanawahitaji watu kuliko siku zote.

Hili si jambo la nyumba moja au mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 (TDHS-MIS) unaonyesha wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 Tanzania wamewahi kupata ujauzito. Baadhi wameolewa, lakini wapo wanaobaki peke yao.

Kumsaidia ni kubariki dhambi?

Swali hili huwafanya wazee wengi wa kanisa wasite. Lakini Biblia yenyewe ina Hajiri, mjamzito aliyekimbilia jangwani, na malaika akamfuata hukohuko. Ina pia Yusufu, ambaye kabla hajaelewa chochote kuhusu mimba ya Maria, alikataa kumwaibisha hadharani.

Kwa Wakatoliki, Desemba 2023 ofisi ya Vatican inayosimamia mafundisho ya imani ilitoa barua kuhusu akina mama wasioolewa wanaoogopa kukomunika kwa sababu ya ukali wa mapadri na viongozi. Ilisisitiza kuwa wanawake hao wasaidiwe kuzipokea sakramenti, si kufungiwa mlango.

Hata kanisa lenye utaratibu wa marudi linaweza kuonya na bado likampelekea mtu unga. Jambo moja halizuii jingine.

Haya ni mambo matano ambayo kikundi cha akina mama, jumuiya au vijana mnaweza kuanza nayo:

1. Msindikizeni kliniki mapema

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12. Tatizo ni kwamba kliniki nyingi humtaka aje na mwenza siku ya kwanza, na asiye naye mara nyingi huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kwa binti mwenye aibu, barua hiyo tu inatosha kumchelewesha. Mama mmoja wa kanisa akienda naye kwa mwenyekiti, kazi inaisha asubuhi moja.

2. Andaeni begi la kujifungulia

Kwa sera ya afya, huduma za wajawazito katika vituo vya umma ni bure. Hata hivyo, wengi bado huambiwa waje na vifaa: glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu, mpira wa kutandika na khanga. Kama tunaweza kuchangia kichenpati na ikajaa ndani ya wiki, begi hili halitushindi.

3. Jueni namba 115

Hii ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotoa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga. Akitokwa damu, akiumwa kichwa sana, akiona maruweruwe, akipata degedege au mtoto akiacha kucheza, msisubiri ibada iishe. Mwekeeni pia akiba ya bodaboda au bajaji kwa siku ya uchungu.

4. Mtafuteni baba wa mtoto

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu maombi ya matunzo yapelekwe mahakamani hata kabla mtoto hajazaliwa. Pa kuanzia ni kwa ofisa ustawi wa jamii. Kama binti ni mwanafunzi au yupo chini ya miaka 18, msiyamalize kifamilia kimyakimya. Hapo kuna jinai. Toeni taarifa polisi, au pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

5. Msipotee baada ya arobaini

Wiki ya kwanza nyumba hujaa watu na mtori. Mwezi wa tatu maziwa yanasumbua, kodi imefika na hakuna anayebisha hodi. Huo ndio wakati wa kumuingiza kwenye kikoba, kumtafutia mtaji mdogo au kumlelea mtoto arudi darasani. Tangu Novemba 2021, Serikali inaruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito kurudi kwenye shule za umma.

Moja la kukwepa

Usimpige picha akipokea sabuni na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Msaada wa namna hiyo unamvua nguo mara ya pili, na binti mwingine mwenye mimba akiiona ataamua kujificha.

Jumapili hii, angalia ni nani hajaonekana kanisani wiki kadhaa. Kabla ya kuuliza mimba ni ya nani, muulize kama amekula na kama ameshaanza kliniki.