Vizibo vya Soda Darasani Si Mchezo wa Bure

Ndugu msomaji, huenda jioni moja umerejea nyumbani kutoka kazini, ukamwuliza mwanao wa darasa la pili amejifunza nini siku hiyo, naye akakujibu kwa furaha: "Leo katika hisabati tumecheza duka, halafu tumehesabu vizibo vya soda." Huenda ukakunja uso. Wewe ulifunzwa kwa kuimba jedwali la kuzidisha mbele ya ubao, darasa zima kwa sauti moja, na ukajua kuhesabu. Iweje leo mwalimu alipwe mshahara kwa kuwachezesha watoto?

Kabla hujaenda kumlalamikia mwalimu huyo, tafadhali tufikiri pamoja.

SAUTI YA WENGI HUMFICHA MMOJA

Darasa linapoimba, mtoto asiyejua hufumbua kinywa pamoja na wenzake, wala hakuna anayemgundua. Akiandika katika daftari kwamba 42 kutoa 17 ni 35, hupewa mkasi wa wino mwekundu, na mambo huishia hapo. Lakini mtoto huyo hakubahatisha. Aliona kuwa 7 haitoki katika 2, akageuza, akatoa 2 katika 7, akapata 5. Kisha akatoa 1 katika 4, akapata 3. Kwake yeye, 42 si makumi manne na mamoja mawili, bali ni tarakimu mbili zilizosimama jirani. Kosa hilo lisipotambuliwa mapema, atalibeba hadi madarasa ya juu, na huko ataambiwa kuwa hana kichwa cha hesabu. Mtoto akiisha kuliamini neno hilo, ni kazi ngumu kulifuta.

VITUO VINNE

Njia mojawapo ya kumfikia mtoto huyo ni makundi madogo yanayozunguka katika vituo. Tuchukue darasa la watoto 40 na vipindi viwili vya dakika 30 vilivyounganishwa. Watoto hugawanywa katika makundi manne ya watu kumi. Kila kundi hukaa katika kituo chake dakika 12, kisha mwalimu hupiga makofi, nao huhamia kituo kinachofuata. Dakika 12 zinazobaki ni za maelezo ya mwanzo, kuhama, na kukumbushana mwishoni.

Kituo kimoja ni cha vifaa: vijiti, vizibo, kokoto au mbegu za ukwaju. Cha pili ni duka, ambamo watoto huuziana makopo matupu na kurudishiana chenji kwa sarafu za karatasi. Cha tatu ni cha daftari, kila mtoto na kazi yake. Cha nne ni cha mwalimu mwenyewe, na hapo ndipo penye kiini cha njia hii.

Mwalimu humwambia yule mtoto wa 35: "Nionyeshe 42 kwa vijiti." Mtoto huweka mafungu manne ya kumi kumi, na vijiti viwili pembeni. "Sasa nipe 17." Mtoto hutazama vile viwili, havitoshi saba. Hapo hulazimika kufungua fungu moja. Sasa ana mafungu matatu na vijiti 12. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa fungu moja, yanabaki mawili. Jibu ni 25, naye ameliona kwa macho na kulishika kwa mikono. Lile neno la ubaoni, "kopa kumi kwa jirani", sasa lina maana.

Lugha yetu nayo hudai subira hapa. Ishirini, thelathini na arobaini ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na mtoto hawezi kusikia kumi ndani yake. Mwalimu anayesema "arobaini, yaani makumi manne" humfungulia mlango.

MADARASA YALIYOJAA

Utasema, ndugu msomaji, kwamba darasa la mwanao lina watoto 80. Ni kweli kwamba nchi yetu imepata kuchagua zaidi ya mara moja kuwafungulia watoto wote milango: kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililokusudia kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977, na tena ada ilipofutwa katika shule za msingi miaka ya mwanzo ya 2000. Milango ilipofunguliwa, madarasa yalijaa. Hata hivyo, watoto 80 ni makundi kumi ya watu wanane. Mwalimu akikaa na makundi mawili kila siku huku mengine yakifanya kazi za vituo, kwa siku tano za wiki atakuwa amewasikiliza wote.

Njia hii si dawa ya kila ugonjwa. Bila maandalizi, vituo hugeuka kelele tupu. Tena makundi yasiwe ya kudumu. Mtoto akiwekwa mwaka mzima katika kundi la wanaochelewa, atajiona amekwisha kuhukumiwa. Leo akae na wanaohitaji msaada wa kutoa, kesho akae na wenzake wengine.

WAJIBU WA MZAZI

Mzazi unaweza kusaidia bila gharama. Kusanya vizibo na vijiti, uvifunge kumi kumi, umpe mtoto avipeleke shuleni. Nyumbani, mtume dukani, na akirudi akuhesabie chenji mbele yako.

Na akikupa jibu, likiwa sahihi au la, usikimbilie kumsifu wala kumgombeza. Mwulize kwanza: "Umelipataje?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.