Gundi ya Nyuki: Kabla ya Chembe, Utuambie Mti

Wakati wa kurina asali Kibaha au Kisarawe, mkoani Pwani, kitu cheusi kinachonata pembeni mwa mzinga hukwanguliwa na mara nyingi hutupwa. Hiyo ni gundi ya nyuki. Nyuki huchukua utomvu kwenye machipukizi na magome, wakauchanganya na nta, wakaziba nyufa. Hata mjusi akifia mzingani, kwa kuwa hawawezi kumtoa, humpaka gundi asiwaozee ndani.

Maabara zimethibitisha kuwa gundi hii hudhoofisha bakteria na fangasi kadhaa. Kwa binadamu, ushahidi wenye nguvu kiasi unahusu vidonda vya kinywani na malengelenge ya midomo. Kasoro yake ni kwamba haiyeyuki vizuri katika maji, na ukiimeza, viambato vingi havifiki kwenye damu.

Hapo ndipo inapoingia teknolojia ya nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chukua punje ya gundi yenye milimita moja kila upande: eneo la nje ni milimita 6 za mraba. Igawanye iwe chembe za nanomita 100, na eneo hilo litakaribia karatasi nzima ya A4, ingawa gundi haijaongezeka hata kidogo; kwa hiyo maji huigusa kwa wingi zaidi. Njia mojawapo ni kuiyeyusha kwa spiriti, kisha kuidondosha kwenye maji yanayokorogwa kwa kasi. Spiriti ikisambaa majini, viambato hujikusanya kuwa chembe. Ili zisishikane, huvishwa kaitosani itokanayo na maganda ya kamba (ambayo nayo hapa pwani tunayatupa).

Lakini kuigawanya kuwa chembe hakuingizi dawa isiyokuwamo, na hili wauzaji hawapendi kulisema. Gundi ya Ulaya hutokana hasa na mipopla. Ile ya kijani ya Brazili, na kichaka kiitwacho Baccharis dracunculifolia. Indonesia, watafiti wamekuta kwenye gundi kemikali za mwembe. Sasa nyuki wa Kibaha wanaishi kati ya miembe na mikorosho, na wa Kisarawe kando ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi wana miti mingine pia. Gundi zao haziwezi kuandikiwa dozi moja bila kupimwa. Tena mwembe na mkorosho ni wa familia moja, na utomvu wake huchubua. Mla embe na maganda anaujua mwasho wake mdomoni. Chembe ndogo zikipenya zaidi, viletavyo mzio navyo vinaweza kupenya.

Majaribio mengi ya chembe hizi bado ni ya maabara na wanyama. Mwenye kisukari na kidonda mguuni asiache kliniki kwa ajili ya chupa iliyoandikwa “nano”. Mfugaji naye aweke gundi ya kila eneo kwenye chombo chake, aandike mahali na mwezi, na asichanganye na makwanguo ya mizinga iliyopakwa rangi: rangi nyingine zina risasi.