Nozeli, Mafuta ya Taa na Somo Kutoka kwa Jirani



Mwezi Septemba mwaka 2018 jirani zetu wa Kenya walianza kutoza shilingi 18 za nchi yao juu ya kila lita ya mafuta ya taa. Shabaha ilikuwa kuondoa tofauti ya bei iliyowavutia wafanyabiashara wasio waaminifu kuchanganya mafuta hayo na dizeli. Tanzania ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo mwaka 2011, ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu ile ile. Katika nchi zote mbili mzigo ulimwangukia mnyonge anayepikia jiko la utambi na kuwasha kibatari. Yafaa basi tuelewe ni madhara gani yaliyozifanya serikali zichukue hatua nzito namna hiyo.

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto kali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka. Katika magari ya zamani, kama vile Land Rover na Land Cruiser za miaka iliyopita, kazi hiyo haisimamiwi na kompyuta. Pampu husukuma mafuta. Msukumo ukiishinda springi, sindano iliyo ndani ya nozeli huinuka, mafuta hupulizwa, kisha sindano hufunga. Nafasi kati ya sindano na nyumba yake ni mikroni chache tu, nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Wala oili ya injini haifiki humo. Kinacholainisha ni dizeli yenyewe.

Hapo ndipo hujuma inapoanza. Mafuta ya taa ni mepesi, wala hayana utelezi wa dizeli, hivyo chuma husagana na chuma. Maji nayo huleta kutu, na vumbi la mapipa hukwangua. Sindano iliyolika haifungi sawasawa. Badala ya kunyunyiza, nozeli hudondosha. Gari hutoa moshi mweusi, huwaka kwa taabu asubuhi, hugonga, huishiwa nguvu mlimani na kula mafuta kupita kawaida. Likiachwa hivyo, mafuta yanayodondoka yanaweza kuunguza na kutoboa pistoni, na gharama ya nozeli ikageuka gharama ya injini nzima.

Kubadilisha nozeli kuna utaratibu wake. Zote zipelekwe kwa fundi wa pampu, zipimwe kwenye mashine, maana msukumo wa kuzifungua sharti ulingane. Mara nyingi hubadilishwa ncha tu, na mwili wake ukatumika tena. Washa za shaba ziwe mpya, chujio libadilishwe, maji yatolewe katika tangi, na upepo utolewe katika mabomba. Wala mtu asiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Mafuta hayo hutoboa ngozi, na jeraha la namna hiyo, hata likionekana dogo kama la sindano, ni la kupelekwa hospitali mara moja.

Lakini kufunga nozeli mpya na kuendelea kutia mafuta yale yale ni kuteka maji kwa pakacha. Ndiyo maana jambo hili si la mafundi peke yao. Polisi anayekamata mafuta yaliyochakachuliwa huokoa injini asizozijua za watu asiowajua. Na dereva anayefyonza dizeli ya umma usiku, kisha akajazia mafuta ya taa ili kipimo kisomeke sawa, huwahujumu wenzake watakaopanda gari hilo kesho.

Ndugu wasikilizaji, doria ya mpakani haina karakana. Gari likizimika huko, majeruhi hafiki hospitali, na mhalifu hatasubiri litengenezwe. Tozo zinaweza kupunguza faida ya mwizi, nao wanyonge wamekwisha kuzilipia. Iliyobaki ni kazi ya kila mwenye dhamana ya ufunguo wa tangi: kuchuja anachokitia, kukikagua, na kukataa kisicho halali.