Biashara ya Gari la Maharusi

Gari la kukodi la maharusi jijini Dar es Salaam huingiza pesa siku moja au mbili kwa wiki. Harusi nyingi za kanisani huangukia Jumamosi. Ndoa nyingi za Kiislamu hufungwa Ijumaa baada ya sala, au mwishoni mwa juma. Siku zilizobaki gari huoshwa, hufunikwa turubai na kungoja. Saa sita za Jumamosi ndizo zinazolipa bima, matairi, sehemu ya kulaza gari na mshahara wa dereva kwa wiki nzima. Hapo ndipo biashara hii inapoachana na teksi, ambayo hesabu yake humfikia mwenye gari kila jioni.

Kalenda nayo ina mabonde na vilima. Desemba hujaa, kwa kuwa ndugu wa mbali wako likizo. Kwaresima husimamisha harusi nyingi za Wakatoliki, na Ramadhani husimamisha karibu zote za Waislamu. Ikiingia Mfungo Mosi, simu huanza kulia tena. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza mwanzoni mwa Machi, zikipishana kwa siku chache tu. Mwenye gari asiyejiwekea akiba ya Desemba hufika mwezi wa namna hiyo mikono mitupu.

Limuzini ndefu, ile iliyokatwa katikati na kuungwa kipande, ni zao la Marekani. Inaelezwa kuwa za mwanzo zilitengenezwa Fort Smith, Arkansas, mwishoni mwa miaka ya 1920, zikawa zinabeba wanamuziki wa bendi pamoja na vyombo vyao. Dar es Salaam wapiga tarumbeta hupanda pikapu, na limuzini ndefu ni chache. Nyingi zina usukani wa kushoto, kona za mitaani haziziwezi, na tumbo lake hukwangua kila tuta kabla halijafika kwa kina bibi harusi. Kazi ya kubeba maharusi hufanywa na Mercedes-Benz, Chrysler 300, Toyota Crown au Range Rover. Wapambe hupewa Alphard, ndugu hupanda Coaster.

Mengi ya magari hayo hununuliwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na umri wake huonekana kwenye ushuru: gari lililozidi miaka 8 hutozwa zaidi kwa uchakavu. Lakini bei siyo kipimo pekee. Gauni lenye duara pana linahitaji mlango mpana na kiti cha nyuma kisichobana. Gari la juu kama Land Cruiser hupendeza kwenye picha, ila bibi harusi mwenye viatu virefu hawezi kulipanda bila kistuli, na kistuli hicho ni lazima dereva akikumbuke mwenyewe. Kiyoyozi kibovu ni mwisho wa kazi, maana vipodozi vya saa tatu huyeyuka kwenye foleni moja ya Mwenge.

Upande wa sheria ndiko wengi wanakojikwaa. Usafiri wa kibiashara wa nchi kavu unasimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kuchukua nafasi ya SUMATRA kwa upande wa nchi kavu. Gari la mtu binafsi hubeba namba za njano, la biashara nyeupe. Wateja hawapendi picha za harusi zenye sura ya teksi, kwa hiyo kishawishi cha kukodisha gari la njano kimyakimya ni kikubwa. Hatari yake haipo kwa trafiki peke yake. Bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa ikibainika kwamba gari lilikuwa limekodishwa siku ya ajali, hata kama ni bima kubwa. Kibao chenye majina ya maharusi nacho kisifunike namba za gari.

Anayekodi gari mara nyingi siyo bwana harusi, ni kamati. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na chini yake vikamati vya chakula, mapambo na usafiri. Fedha yake ni michango, na michango ni ahadi kabla haijawa pesa. Ahadi nyingi hutimizwa wiki ya mwisho, nyingine usiku wa kuamkia harusi. Mwenye gari hupokea kianzio miezi miwili mapema, kisha husubiri salio ambalo mhazini mwenyewe hajalipata. Waliozoea huweka sharti moja lisilojadiliwa: salio liingie kabla gari halijatoka. Anayekubali kulipwa ukumbini baada ya keki hujikuta anamtafuta mhazini miongoni mwa wachezaji.

Wajumbe wa kamati hiyo ndio soko lenyewe. Jirani aliyekaa kikamati cha usafiri mwaka huu, mwakani ataketi kwenye kamati ya binamu yake au ya mfanyakazi mwenzake. Gari likichelewa nusu saa, habari haifiki kwa mteja mmoja. Inafika kwenye kamati zote ambazo wajumbe wale watazikalia.

Siku yenyewe huanzia saluni. Dereva mzuri huwa na namba ya msusi, kwani yeye ndiye ajuaye kweli bibi harusi atatoka saa ngapi; saa iliyoandikwa kwenye ratiba ni matumaini ya katibu. Huko huko gari hupambwa. Utepe wa gundi uliokaa juani kutwa hung'oka na rangi, kwa hiyo wenye magari huwataka wapambaji wafunge riboni kwenye vitasa na kushikiza maua kwa vikombe vya mpira vinavyonata kwenye bodi. Bibi harusi huketi nyuma kushoto, upande wa kando ya barabara, na matroni huingia wa mwisho, akishika pindo la gauni hadi mlango ufungwe.

Mbele ya msafara huenda gari la mpiga video, kisha tarumbeta, kisha maharusi. Mwendo ni wa tarumbeta. Kutoka kanisani mjini kwenda kupiga picha ufukweni, Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, huokoa muda mwingi. Kwenda Kigamboni huamuliwa mapema kati ya kivuko na Daraja la Nyerere, maana foleni ya kivuko haina adabu kwa harusi. Saa nyingine humezwa mlangoni kwa kina bibi harusi. Shangazi wakishika mlango wakidai kifungua mlango, mabishano yake ni sehemu ya sherehe na hayaharakishwi, lakini saa za kukodi zinakwenda. Mkataba unaofaa huhesabu kabisa saa moja ya shangazi.

Kazi hupatikana kwa kutajwa. Msusi humtaja mpambaji, mpambaji humtaja mshereheshaji, naye humtaja mwenye gari, na kila mmoja hutarajia kutajwa pia. Tangazo mtandaoni huleta maswali ya bei. Kauli ya msusi huleta kianzio. Uhusiano na mtaa hujengwa zaidi kwenye msiba. Mwenye Coaster anayetoa gari lipeleke wafiwa makaburini, mafuta yakiwa ya kuchangia tu, hana haja ya kujitambulisha kamati ya harusi itakapokaa kwenye nyumba ile ile.

Wenye magari wenyewe ni washindani wanaohitajiana. Injini ikichemka Jumamosi saa nane mchana, hakuna gereji itakayoitengeneza kabla ya ibada. Kinachobaki ni aliyekwama kumpigia mwenzake mwenye gari la rangi ile ile, ikiwezekana nyeupe, wahamishe riboni na maua barabarani. Malipo ya siku hiyo huchukuliwa na aliyeokoa. Aliyekwama hubaki na jina lake kwa kamati, na deni la kuitikia simu siku gari la mwenzake litakapochemka.